Kupima athari za osteoporosisi kwenye taya la panya: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Kosa hili hurudiwa kila mwaka na wanafunzi wa uzamili wa afya ya kinywa na wa tiba ya mifugo. Mtafiti anawaondoa panya ovari ili kuwanyima estrojeni, homoni inayolinda mifupa, anasubiri wiki nane, anapima uzito wa madini wa taya zima, hapati tofauti yoyote, kisha anaandika kwamba osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua na kuwa dhaifu, haigusi taya. Baadaye anapima mfupa wa muundi wa panya walewale na kukuta mfupa wa sponji, yaani ule wa ndani wenye matundu, umepukutika. Taya nalo lilikuwa limeathirika, ila lilipimwa mahali pasipofaa na mapema mno.

Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: kupima upungufu wa mfupa kwenye taya la chini la panya wa maabara aliyeondolewa ovari, kuanzia kuchagua panya hadi kuandika matokeo. Upasuaji wenyewe sitaueleza kwa kina, kwa sababu unapaswa kufanywa au kusimamiwa na daktari wa mifugo aliyeuzoea, akiwa na dawa za usingizi na za maumivu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama. Kwa Tanzania, kazi hii inaangukia chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa Kenya, chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.
- Panya majike wa ukoo unaojulikana (Wistar au Sprague-Dawley), wenye umri wa miezi sita au zaidi, ambao hawajawahi kuzaa.
- Chakula kikavu cha vidonge, kisicho na soya, chenye kiasi cha kalsiamu kinachojulikana.
- Mizani miwili: wa kupimia panya, na wa kupimia uterasi kwa miligramu.
- Fomalini ya asilimia 10 iliyotulizwa kwa bafa, alkoholi ya asilimia 70, EDTA (kemikali ya kuondoa madini kwenye mfupa), na hidroksidi ya sodiamu.
- Nafasi ya kutumia skana ya maikro-CT (eksirei inayotoa picha za pande tatu za vitu vidogo), hata kama ni ya chuo kingine. Kama haipatikani, maabara ya histolojia (ya kuchunguza tishu kwa hadubini) yenye mikrotomu nzuri, yaani mashine ya kukata vipande vyembamba, itatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.
- Mashine ya eksirei ya meno, ile ndogo ya kliniki.
- Daftari la namba za siri za sampuli, litakalotunzwa na mtu asiyepima.

## Hatua ya 1: Panga makundi matatu, si mawili

Wengi huwa na kundi lililoondolewa ovari na kundi la upasuaji wa kuigiza, yaani panya waliopasuliwa, ovari zikaguswa na kurudishwa. Hayo mawili ni ya lazima, lakini hayatoshi. Ongeza kundi la tatu, la panya wanaouawa kwa utaratibu wa kibinadamu siku ileile ambayo wenzao wanapasuliwa.

Sababu ni kwamba mifupa ya panya huendelea kukua kwa muda mrefu baada ya kupevuka kijinsia, ambako hutokea akiwa na umri wa miezi miwili na nusu hivi. Ukimpasua panya wa miezi mitatu na baada ya wiki 12 ukakuta mfupa wake ni haba kuliko wa mwenzake, hutajua kama aliupoteza au hakuwahi kuujenga. Kundi la siku ya kwanza ndilo linalojibu swali hilo. Kwa sababu hiyohiyo ninasisitiza panya wa miezi sita na kuendelea, ingawa wana gharama zaidi kuwatunza.

Onyo. Usinunue majike wastaafu wa uzazi kwa kuwa ni wa bei nafuu. Kunyonyesha kwenyewe hupunguza mfupa wa panya, na historia hiyo itakaa ndani ya takwimu zako bila wewe kuijua.

Idadi ya panya ikokotolewe kabla, kwa kutumia tofauti unayotarajia kwenye taya. Ukikokotoa kwa tofauti ya muundi, ambayo ni kubwa zaidi, utaishia na panya wachache mno kwa swali ulilonalo.

## Hatua ya 2: Dhibiti chakula, kwa sababu taya hutafuna

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nami naiona kuwa nusu ya kazi. Muundi hubeba mwili. Taya hubeba nguvu ya kutafuna. Nguvu hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa kueleza kwa nini taya hupoteza mfupa polepole kuliko muundi baada ya estrojeni kutoweka. Panya anayelishwa chakula laini hupungukiwa na mfupa unaozunguka meno hata kama ovari zake ni nzima. Kwa hiyo ukilisha unga badala ya vidonge vigumu, umeanzisha jaribio la pili juu ya jaribio lako.

Mambo manne yaangaliwe.

Kwanza, ugumu. Makundi yote yapewe vidonge vya ugumu uleule, kutoka kiwanda kilekile, tangu wiki mbili kabla ya upasuaji. Ukilazimika kutumia chakula cha kuku kwa kukosa cha panya, usikitoe kikiwa unga. Kitengenezwe vidonge na kukaushwa.

Pili, kalsiamu. Mahitaji ya panya ni takriban asilimia 0.5 ya chakula. Chakula cha kuku wa mayai hubeba kalsiamu mara kadhaa ya kiasi hicho, kwa ajili ya ganda la yai, kwa hiyo hakifai kabisa kwa kazi hii.

Tatu, soya. Soya ina viambata vinavyofanya kazi kama estrojeni dhaifu. Ni jambo la kuchekesha kidogo kuondoa ovari kwa kisu na kurudisha sehemu ya kazi yake kwa kijiko, lakini ndivyo inavyotokea pale mtu asiposoma lebo ya mfuko.

Nne, kiasi. Panya walioondolewa ovari hula zaidi na kunenepa, na uzito wa mwili wenyewe huijenga mifupa inayoubeba. Pima chakula kinacholiwa kila siku na kundi la kuigiza, kisha wape walioondolewa ovari kiasi hichohicho.

Utajuaje umefaulu: rekodi za kila wiki zitaonyesha uzito wa makundi yote ukipanda kwa mwendo unaokaribiana. Panya walioondolewa ovari wakizidi kidogo, si tatizo. Wakizidi sana, udhibiti wa kiasi umekushinda.

## Hatua ya 3: Subiri muda unaolifaa taya

Kwenye sehemu ya juu ya muundi, upungufu wa mfupa wa sponji huonekana ndani ya wiki mbili tu tangu ovari ziondolewe. Kwenye pingili za kiuno huchukua miezi miwili hivi. Taya huja nyuma zaidi, na upungufu wake ni mdogo zaidi.

Panga wiki 12 kwa uchache. Ukiweza kufika 16, usisite. Majaribio ya wiki nne au sita yanafaa kwa muundi, lakini kwa taya ni kamari. Chanzo kimoja cha tofauti hii ni asili ya mfupa. Taya hutokana na seli za kiinitete tofauti na zile za muundi, nalo huundwa moja kwa moja ndani ya utando, ilhali muundi hupitia kwanza hatua ya gegedu.

## Hatua ya 4: Siku ya kuvuna, thibitisha kwamba upasuaji ulifanikiwa

Kabla hujagusa taya, fungua tumbo. Uterasi ya panya aliyeondolewa ovari sawasawa huwa nyembamba kama uzi, imepauka, na uzito wake huwa chini ya theluthi moja ya ule wa kundi la kuigiza. Ipime na uandike. Ukikuta uterasi iliyonona na yenye rangi ya waridi, kipande cha ovari kilibaki. Panya huyo aondolewe kwenye uchambuzi, na kuondolewa kwake kuandikwe kwenye ripoti. Uamuzi huu ufanyike siku hiyohiyo, kabla ya kuona matokeo ya taya.

Kisha chukua muundi mmoja. Huo ni shahidi wako: ukionyesha upungufu mkubwa, unajua kwamba mwili wa panya uliingia kwenye hali uliyoikusudia, hata kama taya litakupa tofauti ndogo.

Taya la chini la panya lina nusu mbili zilizounganishwa mbele kwa tishu laini, na hutenganishwa kwa urahisi kwa kisu kidogo. Nusu ya kulia iende kwenye fomalini baridi kwa saa 24 hadi 48, isizidi hapo, kisha ihamie kwenye alkoholi ya asilimia 70. Ya kushoto ihifadhiwe kwenye alkoholi bila kuondolewa madini.

Ukiwa na kioo cha kukuzia, kagua fizi za gego la kwanza. Panya hupata unywele au nyuzi za matandiko zilizochomeka kati ya jino na fizi, na uvimbe wake hula mfupa papo hapo. Hasara hiyo haina uhusiano na ovari. Weka alama kwenye daftari kwa kila sampuli ya namna hiyo.

## Hatua ya 5: Chagua mahali pa kupima

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tuende taratibu.

Panya ana meno 16 tu: kila nusu ya taya ina jino moja la mbele na magego matatu. Jino la mbele halikomi kukua, na mzizi wake hupita chini ya magego yote kama bomba lililofukiwa. Ukipima uzito wa madini wa nusu nzima ya taya, sehemu kubwa ya unachokipima ni dentini na enameli, ambazo hazipungui kwa kukosa estrojeni. Mfupa wa sponji uliopungua ni kidogo, nao humezwa na meno. Kipimo cha taya zima, iwe kwa mashine ya uzito wa madini au kwa kuchoma mfupa na kupima majivu, kina upofu huo.

Pima septamu, yaani ukuta wa mfupa, ya kati ya mizizi ya gego la kwanza la chini. Gego hilo lina mizizi minne: miwili mikubwa, mmoja mbele na mmoja nyuma, na miwili midogo katikati, upande wa shavu na upande wa ulimi. Mfupa wa sponji ulio kati yao ndio unaoitikia kuondolewa kwa ovari kwa uwazi zaidi kuliko sehemu nyingine za taya.

Onyo kuhusu urefu wa fizi na mfupa. Wengine hupima umbali kutoka shingo ya jino hadi ukingo wa mfupa kwa rangi ya methilini buluu na kuuita kipimo cha osteoporosisi. Kipimo hicho ni cha ugonjwa wa fizi. Zaidi ya hayo, magego ya panya huendelea kuchomoza kadiri yanavyosagika, kwa hiyo umbali huo huongezeka kwa umri hata kwa panya mzima.

## Hatua ya 6: Skani kabla ya kuondoa madini

Mpangilio huu haugeuzwi: skana kwanza, EDTA baadaye. Sampuli iliyokwisha kutolewa madini haionekani tena kwa eksirei, na hakuna njia ya kuyarudisha.

Sampuli zote ziskaniwe ndani ya kimiminika kilekile, kwa mpangilio uleule wa volti na kichujio. Ukubwa wa vokseli, yaani chembe ndogo kabisa ya picha ya pande tatu, usizidi mikromita 20. Mikromita 10 ni bora. Trabekula, yaani kijiti cha mfupa wa sponji, inayopitiwa na vokseli moja tu itatoka nene kuliko ilivyo, na upungufu unaoutafuta utafichwa na picha yenyewe.

Kabla ya kuchora eneo, zungusha picha hadi mhimili wa mizizi miwili mikubwa usimame wima. Kisha pita tabaka kwa tabaka kutoka juu. Tabaka la kwanza la kupimwa ni lile ambalo njia panda ya mizizi imekwisha kufunguka na mfupa umeonekana; la mwisho ni lile lililo juu kidogo ya ncha za mizizi, kabla ukuta wa tundu la jino la mbele haujaingia. Chora umbo ndani ya eneo la mizizi minne, ukiacha mikromita 100 hivi kutoka kila mzizi ili usibebe kano inayoshika jino wala ukuta mgumu wa tundu. Chora kwa mkono kila baada ya tabaka kumi, programu ijaze katikati, kisha urudi ukague ilichojaza.

Mtu mmoja achore sampuli zote bila kujua makundi. Baada ya wiki moja achore upya sampuli kumi, na ulinganifu wa michoro miwili uripotiwe.

Vipimo vinne vya kuripoti ni uwiano wa mfupa kwa ujazo wote (BV/TV), unene wa trabekula (Tb.Th), idadi yake (Tb.N) na nafasi kati yake (Tb.Sp). Ufupisho huu unaeleweka popote, kwa hiyo usiubadilishe.

Utajuaje umefaulu: kwenye muundi, kundi lililoondolewa ovari litakuwa na mashimo makubwa yanayoonekana kwa macho. Kwenye septamu, tofauti itakuwa ya kiasi: BV/TV imeshuka, nafasi zimepanuka. Septamu ya taya ikionekana kuharibika kuliko muundi, shuku eneo ulilochora au uvimbe wa fizi.

## Hatua ya 7: Toa madini bila haraka

EDTA ya asilimia 10 huyeyuka kwa shida hadi uongeze hidroksidi ya sodiamu kidogo kidogo. Ikishayeyuka, rekebisha pH ifike 7.4. Tumia ujazo wa kimiminika usiopungua mara 20 ya sampuli, ukibadilishe kila baada ya siku mbili au tatu. Nusu ya taya la panya mkubwa huhitaji wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi.

Asidi ya fomiki hufanya kazi hiyo kwa siku chache, lakini huua kimeng'enya kinachotumika kutambua osteoklasti, yaani seli zinazokula mfupa. Niliwahi kuitumia kwa kukimbizana na tarehe ya kuwasilisha. Vipande vilitoka vizuri, mfupa ulionekana safi, na rangi ya osteoklasti haikushika hata kwenye seli moja. Panya 24 walikuwa wameshakufa na hakukuwa na namna ya kuirudia kazi.

Usipime ulaini kwa kuchoma sindano. Tundu la sindano litaonekana chini ya hadubini kana kwamba ni ugonjwa. Piga eksirei ya meno. Taya likitoa kivuli kimoja hafifu kisicho na doa jeupe, madini yamekwisha. Enameli itakuwa imeyeyuka na kuacha nafasi tupu juu ya jino. Hali hiyo ni ya kawaida.

## Hatua ya 8: Kata kwa mwelekeo sahihi

Lalisha taya kwenye nta ili kisu kikate kutoka mbele kwenda nyuma, sambamba na mstari wa magego. Unene uwe mikromita 5.

Kipande sahihi unakitambua hivi: mzizi wa mbele na mzizi wa nyuma wa gego la kwanza yote miwili inaonekana kwa urefu wake, na mfereji wa kiini cha jino unafuatika kutoka kichwani hadi karibu na ncha bila kukatika. Kama mzizi mmoja ni mrefu na mwingine umeishia njiani kama kisiki, kisu kimekwenda mshazari, na upana wa septamu unaouona ni wa uongo. Legeza kishikio, rekebisha pembe, kata tena. Ni afadhali kupoteza vipande 30 kuliko kupima kipande kilichopinda.

Chukua kipande kimoja katika kila kumi, hadi upate vitatu au vitano kwa kila panya.

Unapohesabu osteoklasti, tenganisha pande mbili za septamu. Magego ya panya husogea polepole kuelekea nyuma ya mdomo maisha yote, kwa hiyo uso wa septamu unaotazama mzizi wa mbele hulika na ule unaotazama mzizi wa nyuma hujengwa, hata kwa panya mwenye afya. Ukizijumlisha pande hizi, mwendo huu wa kawaida utafunika athari ya estrojeni. Toa hesabu kwa kila milimita ya ukingo wa mfupa, si kwa kila picha.

## Hatua ya 9: Chambua kwa panya, si kwa kipande

Vipande vitano vya panya mmoja ni panya mmoja. Chukua wastani wake, kisha linganisha makundi. Mwenye panya 10 na vipande 50 anayeandika kwamba idadi yake ni 50 amejipatia tofauti ya takwimu ambayo haipo. Uzito wa mwili wa mwisho uingizwe kwenye uchambuzi kama kigezo kinachoambatana.

## Hatua ya 10: Andika kile ulichokipima

Panya aliyeondolewa ovari hupungukiwa na mfupa, lakini mifupa yake haivunjiki yenyewe kama inavyomtokea mwanamke mwenye osteoporosisi. Andika kwamba umeona upungufu wa mfupa uliosababishwa na kukosa estrojeni, na ueleze mahali na muda.

Vilevile gamba gumu la mfupa wa panya halijikarabati kwa ndani kama la binadamu. Swali lako likiwa juu ya gamba la taya, kwa mfano ukingo wa chini ambao madaktari wa meno huusoma kwenye picha za wanawake waliokoma hedhi, panya hatakujibu. Kondoo au nguruwe mdogo wa maabara anafaa zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 1994 kuhusu dawa za osteoporosisi, ilitaka dawa zijaribiwe kwa panya aliyeondolewa ovari na pia kwa mnyama mkubwa zaidi asiye wa jamii ya panya.

Ikiwa muundi umeonyesha upungufu na septamu haikuonyesha, ripoti yote mawili pamoja na umri, chakula, muda na ukubwa wa vokseli. Ikiwa hata muundi haukuonyesha, usiandike chochote juu ya taya. Rudi kwenye uzito wa uterasi na lebo ya chakula, na uziache nusu za kushoto kwenye alkoholi ya asilimia 70, zenye namba zake za siri, hadi ujue kosa lilikuwa wapi.